Kadi za michezo zenye namba: uzipeleke PSA au BGS (kampuni zinazokagua hali ya kadi na kuipa gredi), au uziache zilivyo?
Kadi ikishapigwa namba 07/25, yaani ya 7 kati ya 25 zilizochapwa, uadimu wake ushaandikwa hapo hapo, lebo ya gredi haiongezi wala haipunguzi idadi, kwa hiyo mi naona kugredi kadi za namba sio lazima kihivyo. Kadi ya kawaida ndo inahitaji 10, gredi ya juu kabisa, ili ijitofautishe na maelfu ya wenzake. Ila 1/1, yaani ipo moja tu? Hakuna hata ya kulinganisha nayo, anayeitaka anaitaka tu iwe 8 iwe 9.

Sasa huduma zenyewe. PSA wapo tangu 1991 na lebo yao ndo inauzika chap, ila bei yao inafuata thamani ya kadi, ikitoka na gredi kubwa ikapanda thamani na bili inaweza kupanda, hapo roho inauma kidogo asee. BGS mi nawakubali zaidi kwa kadi za namba, ukilipia wanakupa alama nne, picha kukaa katikati, kona, kingo na uso, afu saini ya mchezaji kama ipo kwenye kadi inapewa gredi yake peke yake, safi sana.

Balaa ni zile kadi nene zenye kipande cha jezi, kingo zinachubuka hata ikiwa ndo imetoka kwenye pakiti, kwa hiyo chukua tochi na lenzi uikague mwenyewe kabla hujalipa chochote. Ukiona weupe kwenye kona, iweke kwenye kava ngumu la sumaku, yatosha. Kama unauza kwa mtu asiyekujua na anaweza kuhisi ni feki, hapo peleka, hata ikirudi na 9.