Chujio gani la kununua kwa maji yenye floraidi, Arusha na Meru

Ukikulia Arusha au Meru kisha ukaenda kutafuta maisha Dar, huna haja ya kutaja kwenu. Ukicheka tu, watu wameshajua. Ile rangi ya kahawia kwenye meno haitokani na uvivu wa mswaki. Ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na majirani zake, yakaingia kwenye jino lilipokuwa bado linajengeka ndani ya fizi. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka minane ndiye wa kulindwa kwanza. Mtu mzima aliyehamia na meno yake tayari hatapata madoa hayo, lakini akinywa maji makali, yaani yenye floraidi nyingi, kwa miaka mingi mifupa na viungo vyake vinaweza kukakamaa. Kuna vijiji huku ambako miguu ya watoto imepinda, na tunajua sababu.

Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania nayo sasa inatumia kiwango hicho, baada ya kuruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua chujio la ndoo mbili lenye mishumaa ya udongo, muuzaji akaniapia kwamba linatoa kila kitu. Maji yalitoka yanang'aa. Nilipopeleka maabara, floraidi ilikuwa ileile. Kumbe mshumaa huzuia tope na vijidudu, lakini floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi kwenye mchuzi, inapita tu. Dawa ya klorini, taa ya kuua vijidudu na jagi lenye mkaa wa kawaida wa kuchujia, vyote ni vivyo hivyo kwa floraidi. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ni ya kipimo. Visima viwili vya jirani vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa, na maji ya bomba ya mtaa mmoja si ya mtaa mwingine. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji ya serikali, au uliza kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, na uichukue kwenye chupa safi ya plastiki. Ya kioo hapana, kwa sababu floraidi hugusana na kioo. Jibu likiwa chini ya 1.5, rudisha pochi mfukoni. Likizidi, huna haja ya kusafisha maji ya kuogea na kufulia. Kinachohitajika ni ndoo moja ya lita 20 kwa siku, ya kunywa na kupikia familia ya watu watano. Nimezipanga njia tano zifuatazo kuanzia ninayoipenda zaidi, na upangaji wote umesimama kwenye ndoo hiyo.

1. Simtanki na mifereji ya bati

Ndiyo, namba moja si chujio. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Chukua bati la mita za mraba 30 na mvua ya milimita 800 kwa mwaka: hata theluthi yake ikimwagika, unabaki na lita 16,000, wakati ndoo yako ya kila siku ni lita 7,300 kwa mwaka mzima. Shida ni kiangazi. Juni hadi Oktoba ni siku 153, yaani lita 3,060, kwa hiyo tanki la 3,000 litakuangusha mwishoni. Nunua la 5,000 na uhakikishe limejaa masika yanapoisha. Ziba mdomo kwa wavu mbu wasiingie, mvua ya kwanza iache ioshe bati na imwagike, kisha maji ya kunywa uyachemshe au uyatie klorini, maana ndege hawaombi ruhusa kukaa juu ya paa. Usitumie bati la zamani lililopakwa rangi usiyoijua.

2. Chujio la mkaa wa mifupa

Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuru kwa hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo au pipa, na maji hupita taratibu. Halihitaji umeme wala presha, kwa hiyo linamfaa mwenye nyumba ya kupanga na mwenye kisima cha kijijini. Ng'ambo ya mpaka, Nakuru, Dayosisi Katoliki imetengeneza machujio ya namna hii kwa miaka mingi, kwa sababu Bonde la Ufa halijui mpaka.

Unapokagua, chota chembe kiganjani na unuse. Nyeusi yenye harufu haijaiva, itakupa maji ya ladha ya supu iliyochacha. Nyeupe pepe imeungua kupita kiasi na uwezo wake umeshuka. Muulize pia muuzaji mifupa ni ya mnyama gani; kwa wengi hilo ni suala la imani, na fundi mwaminifu hakasiriki.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba mkaa hujaa, na ukijaa hakuna dalili. Maji yanabaki matamu. Tuseme gramu moja inabeba miligramu 2 za floraidi na chujio lina kilo 10: uwezo wote ni gramu 20. Ukiondoa miligramu 4 kwa kila lita, lita 5,000 zimelimaliza, sawa na siku 250 kwa ndoo moja. Maji yako yakiwa makali mara mbili, ni miezi minne tu. Kwa hiyo usimnunue mtu asiyeuza mkaa wa kubadilisha, na pima maji yanayotoka kila baada ya miezi mitatu.

Utasikia pia habari za Nanofilter ya Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha, iliyoshinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi Afrika mwaka 2015. Sharti langu kwake ni lile lile: karatasi ya maabara ya maji yako kabla na baada.

3. Mashine ya RO

RO ni kifupi cha reverse osmosis: maji husukumwa kwa presha kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo mno. Kwa kutoa floraidi hii ndiyo kali kuliko zote. Huondoa sehemu kubwa sana, pamoja na chumvi nyingine. Nimeiweka ya tatu kwa sababu inataka presha ya maji, mara nyingi umeme, na hutupa lita kadhaa kwa kila lita moja inayokupa. Mtaa wenye mgao wa maji utaisikia hasara hiyo. Kwa shule, hoteli au nyumba yenye bomba la uhakika, inunue, na maji inayoyatupa yakusanye ya kudekia.

Jihadhari na muuzaji mwenye kalamu ya kupimia anayetumbukiza na kusoma namba. Kalamu ile inapima jumla ya chumvi zilizoyeyuka, haiijui floraidi. Inafaa kukuonyesha kama utando wa RO umechoka, basi.

4. Maji ya chupa na madumu

Ni ya dharura, au ya mtoto mchanga peke yake wakati unajipanga. Soma lebo: floraidi iandikwe kwa miligramu. Dumu lisilo na lebo lingeweza kujazwa bomba lile lile unalolikimbia.

5. Shabu na chokaa

Njia ya ndoo yenye asili ya India: koroga, acha itulie, chuja. Ni rahisi mfukoni, lakini inadai vipimo sahihi kila siku, inaacha tope la kutupa, na ukizidisha shabu inabaki kwenye maji. Sijawahi kuona nyumba iliyodumu nayo.

Halafu kuna jikoni. Magadi ya kulainishia makande na maharage yanaweza kuwa na floraidi nyingi mno, hasa yale yanayotoka upande wa Ziwa Natron. Kwetu tuliyaacha wiki tuliyofunga mifereji. Maharage tunayaloweka usiku kucha kwa maji ya mvua, na mama mkwe bado analalamika kwamba hayaivi kama ya zamani.