Chrony kwenye Linux: saa ya kompyuta ilinitesa, hii ndo iliyonionyesha tatizo liko wapi

Nimetumia chrony, programu ya kusawazisha saa ya kompyuta na ya intaneti, miezi minne sasa kwenye kompyuta tatu za steshenari yetu hapa Mwanza, zote zina Ubuntu, na naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Naandika kwa kirefu kidogo maana wakati nahangaika sikupata mtu wa kunielekeza kwa Kiswahili.

Shida ilikuwa hivi. Umeme ukikatika usiku, asubuhi ukiwasha kompyuta ya kaunta saa inasoma jana jioni, palepale ulipoizimia. Risiti zinatoka na tarehe ya jana, mteja anarudi anauliza mbona nimelipa leo imeandikwa jana, mauzo ya asubuhi yanaenda kukaa kwenye ripoti ya siku iliyopita na mwenye duka anashindwa kufunga hesabu. Fundi wa kwanza akasema tubadilishe madabodi. Nikakataa.

Ubuntu yetu ilikuja na systemd-timesyncd, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kuchukua saa kwenye intaneti, ila nikiandika timedatectl (amri ya kuangalia hali ya saa) inaniambia huduma iko hewani, halafu mstari wa juu yake inasema saa haijasawazishwa. Basi, imeishia hapo. Sasa nishike wapi?

Nikaweka chrony. Angalizo, kama saa yako iko nyuma sana apt, ile amri ya kuweka programu kwenye Ubuntu, inaweza kugoma kwa sababu inaona orodha za seva ni za muda ambao haujafika, kwa hiyo kwanza sogeza saa kwa mkono na sudo date -s, ndo uandike sudo apt install chrony. Itaiondoa timesyncd yenyewe, usishtuke, hazitakiwi kukaa mbili kwa pamoja.

Sasa hapa ndo nilipoipenda. Unaandika chronyc sources inakuletea orodha ya seva zote inazojaribu kuzifikia, na mbele ya kila moja kuna alama. Mimi zote zilikuwa na ^? na kwenye safu ya Reach sifuri, sifuri, sifuri mpaka chini. Maana yake hakuna seva hata moja iliyojibu. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha kompyuta ileile bila kugusa kitu kingine, na ndani ya sekunde chache mstari mmoja ukageuka ^* yaani hii ndo seva iliyochaguliwa, na Reach ikaanza kupanda mpaka 377. Hiyo 377 usiisome kama namba ya kawaida, ni ya mfumo wa nane, inamaanisha maombi nane ya mwisho yote yamejibiwa.

Kwa hiyo kompyuta ilikuwa nzima, Linux ilikuwa nzima, mtandao wa dukani ndo ulikuwa umefunga mlango. Saa za intaneti zinapita UDP poti 123 na rauta tuliyofungiwa na kampuni ya intaneti ilikuwa inaizuia. Nikawapigia, nikawatajia poti, siku ya pili wakaifungua. Bila ile hotspoti na ile safu ya Reach ningekuwa bado nabishana na fundi.

Ikabaki saa kupotea umeme ukikatika. Hiyo programu haiwezi kuiponya, ni kale kabetri ka mviringo ka CR2032 kwenye bodi kalikuwa kamekufa. Nikanunua kapya, nikakachomeka, kwisha. Madabodi ile tuliyoambiwa tuitupe ndo inayofanya kazi mpaka leo.

Kompyuta ya pili ilikuwa na kesi yake. Kila ikitoka kwenye Windows kuja Ubuntu saa inakuwa mbele masaa matatu kamili, hata dakika hazipishani. Ukiona matatu kamili kwa sisi wa Afrika Mashariki jua sio betri wala mtandao. Windows inaandika saa ya hapa kwenye bodi, Linux inaisoma kama ya UTC (saa ya kimataifa), halafu inaongeza masaa yetu matatu juu yake. Chrony itairekebisha ukipata intaneti, lakini kesho yake ni yaleyale, dawa ni kwenda kwenye rejista ya Windows kuweka RealTimeIsUniversal iwe 1 ili zote mbili zikubaliane UTC.

Kitu kingine nilichokipata humu ambacho timesyncd haina, kompyuta moja inaweza kuwagawia wenzake saa. Kwenye /etc/chrony/chrony.conf ya ile ya kaunta niliongeza allow 192.168.1.0/24 (kuruhusu kompyuta za mtandao wetu ziombe saa) na local stratum 10 (iendelee kugawa saa hata bila intaneti), na zile mbili nikaziandikia server na anwani ya kaunta na iburst mwishoni. Bando likiisha au mtandao ukilala siku nzima, kompyuta zote tatu bado zinasoma saa inayofanana. Na saa ikipishana kidogo katikati ya kazi haiirushi ghafla, inaiharakisha au kuipunguza mwendo taratibu, hivyo risiti ya saa nne na dakika kumi haiwezi kutoka baada ya risiti ya saa nne na dakika kumi na mbili. Kwa mtu wa mauzo hilo ni jambo kubwa mno.

Nusu nyota nimeikata kwa hili: kawaida yake inakubali kuirusha saa kwenye masahihisho matatu ya kwanza tu tangu iwashwe, ule mstari wa makestep 1 3. Mimi nina mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta) ninayoisimamisha usiku, nikiiamsha asubuhi saa imebaki nyuma masaa kumi na chrony inaanza kuivuta polepole kana kwamba hakuna haraka. Nilipoteza siku nzima kabla sijaelewa. Ukikutana nalo andika sudo chronyc makestep itaruka papo hapo, au badilisha mstari uwe makestep 1 -1 halafu sudo systemctl restart chrony, ila fanya hivyo kwenye mashine pepe tu, ile ya kaunta iache kama ilivyo.