Dalali wa vyumba, Mwanga Kigoma: nyota tatu

Chumba nimepata, Katubuka, kina tailizi na luku yake peke yake. Dalali mchangamfu, anajua kila uchochoro kuanzia Gungu hadi Ujiji. Shida ni hela: kwanza ya kuoneshwa, halafu udalali wa kodi ya mwezi mzima, risiti hakuna. Nilipomuulizia leseni akacheka: "Dada, mimi nafahamika hapa." Sawa, ila siku akizima simu nimtafute wapi? Kule Wales, tangu Novemba 2016 mwenye nyumba asiyejisajili na wakala asiye na leseni wanapigwa faini. Mwenye nyumba wangu namsifu, mkataba aliuleta mwenyewe tukausaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nyota mbili kati ya hizo ni za chumba.