Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, saa hapana

Kuna tovuti ya bure ninayoitumia kupima umbali kati ya viwanja vya ndege. Unajaza unakotoka na unakokwenda, inakutolea kilomita, maili na saa za kuruka. Kwenye kilomita sina ugomvi nayo. Kwenye saa ndipo tunapokosana.

Sehemu ya kutafutia ni nzuri. Inapokea jina la mji au zile herufi tatu za uwanja, na ukiandika San José inakuuliza kwanza: ya California (SJC) au ya Costa Rica (SJO)? Nikiiwekea Singapore na JFK ya New York inanipa kilomita 15,300 na ushei, na ndivyo ilivyo. Hiyo ni miongoni mwa safari ndefu kuliko zote duniani zisizotua njiani.

Ramani yake huwachanganya wengi. Mstari wa London hadi Tokyo unapinda kwenda juu kabisa, karibu na Aktiki, hadi mtu anadhani programu imeharibika. Haijaharibika. Dunia ni mviringo, na njia fupi juu ya mviringo ikichorwa kwenye ramani bapa kwa kawaida hupinda. Asiyeamini achukue tufe na uzi, aukaze uzi kati ya miji hiyo miwili.

Sasa saa. Inavyoonekana, tovuti inagawanya umbali kwa mwendo mmoja usiobadilika, kisha inaongeza dakika kidogo za kupaa na kutua. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni sawasawa, jambo ambalo angani halipo. Kule juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. London kwenda New York ratiba huonyesha safari ya saa nane hivi. Kurudi, saa saba, ndege ikisukumwa mgongoni. Tovuti inakupa namba moja tu, basi.

Na ule mstari mzuri wa Tokyo? Unakatiza anga ya Urusi, ambayo tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayaruhusiwi kupita. Ndege zinazunguka, na safari iliyokuwa ya saa 12 hivi inafika 14. Kikokotoo hakina habari. Tena kitakupa saa hata kwa viwanja viwili ambavyo havijawahi kuunganishwa na ndege ya moja kwa moja, bila hata kukutahadharisha. Mimi napima kila kipande peke yake, kutoka uwanja wa kwanza hadi wa kubadilishia, halafu hadi mwisho, kisha najumlisha na muda wa kusubiri katikati. Saa zenyewe nazichukua kwenye ratiba ya shirika, kwa sababu wao huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapofika lango la pili, foleni ya kusubiri kuruka ikiwemo.

Matangazo nayo, jamani! Kwenye simu kitufe cha kupiga hesabu kinajificha chini ya picha za mabegi.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Wakiweka nafasi ya kujaza kituo cha katikati, ya nne wataipata.