Bayonetta 3 kwenye Switch: gemu kali, ila hii ishu ya hela ya sauti tuiongelee

Haya, hatimaye nimeimaliza Bayonetta 3, ile gemu ya mapigano ya dada mchawi anayeitwa Bayonetta, kwenye Switch, mashine ya gemu ya Nintendo. Imetoka tarehe 28 Oktoba 2022 na mi ndo naicheza sasa, kwanza kwa sababu ya bei (ilitoka kwa dola 60, na Switch yenyewe huku mpaka uagize au ubahatishe ya mkononi), lakini kubwa zaidi ni lile sekeseke la Hellena Taylor. Kama hukulifuatilia ni hivi: huyu mama ndo alikuwa sauti ya Bayonetta kwenye gemu mbili za mwanzo, ile ya 2009 na ile ya 2014, sasa zimebaki kama wiki mbili namba tatu itoke akarusha video Twitter anasema PlatinumGames, kampuni iliyoitengeneza, walimpa ofa ya dola 4,000 kwa gemu nzima, ameikataa, na mashabiki waisusie hii gemu hizo hela wakazitoe sadaka. Aisee, mtandao uliwaka moto.

Nitarudi huko. Gemu kwanza.

Kupigana humu ndani ni utamu mtupu, sijui niseme nini kingine. Ukikwepa pigo sekunde ya mwisho dunia nzima inaenda polepole na we unaendelea kushusha kipigo kwa kasi yako, hiyo ipo toka mwanzo, ila safari hii unaita na mazimwi unayaendesha mwenyewe. Kuna Gomorrah, lile joka, kuna Madama Butterfly, kuna chura mkubwa anaitwa Baal ambaye kuna wakati anaimba kama yuko jukwaa la opera, nilicheka peke yangu kama chizi. Wakati zimwi linapiga Bayonetta amesimama anacheza densi na hapo hawezi kujikinga, kwahiyo jicho moja kwa zimwi jingine kwa dada, ukizubaa unachapwa.

Mabaya yapo. Picha ina ukungu-ukungu, fremu zinashuka vitu vikijaa kwenye skrini, stori ya malimwengu mengi inakuzungusha mpaka unaacha kuifuatilia, alafu zile sura (vipande vya gemu) za Jeanne, rafiki yake Bayonetta, za kunyemelea walinzi sijui nani aliziomba. Viola naye, yule binti mpya ambaye kuna sehemu unamchezesha yeye, dunia haiendi polepole akikwepa, mpaka akinge na upanga, sasa vidole vishazoea kukwepa, utakufa sana.

Sasa sauti. Aliyechukua nafasi ni Jennifer Hale, wale wa gemu za Mass Effect mnamjua, ndo sauti ya Kamanda Shepard wa kike. Sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua kwamba mkanda uleule ukitafsiriwa na Lufufu, yule fundi wa kutafsiri sinema, na ukitafsiriwa na mtu mwingine ni mikanda miwili tofauti, kwahiyo nilikaa nimekunja uso namsubiri akosee. Hajakosea. Taylor alikuwa na ile dharau ya kuvuta maneno kama vile hata adui mwenyewe anamchosha, Hale yeye ni mkavu zaidi, ana utu uzima fulani, na humu anaigiza Bayonetta wa malimwengu tofauti, wa Japani, wa China, wa Misri, wa Paris, kila mmoja kampa kitu chake. Kazi kubwa.

Alafu fanya hivi, punguza muziki kwenye settings upigane vita moja unasikiliza sauti tu. Kila teke lina mguno wake, kila pigo linalokupata lina mlio wake, kuna kuhema, kuna kucheka, kuna kufoka. Hayo yote kuna mtu alisimama kwenye chumba cha kurekodi akayatoa moja moja, mara nyingi kwa kurudia, na kwenye hizi kazi mikelele kawaida inaachwa mwisho wa kikao maana ukishaipiga koo halifai tena siku hiyo. Ndo maana waigizaji wa Marekani, chama chao SAG-AFTRA, walipogoma Oktoba 2016 moja ya madai ilikuwa vikao vya kupiga kelele visizidi saa mbili badala ya nne.

Turudi kwenye hela. Siku chache baada ya ile video shirika la habari la Bloomberg wakaandika tofauti kabisa, kwamba ofa ilikuwa dola 3,000 mpaka 4,000 kwa kikao cha saa nne, vikao visivyopungua vitano, yaani kuanzia 15,000, na kwamba Taylor alitaka pesa ya tarakimu sita pamoja na mgao wa mauzo. Yeye akaruka, akasema ya tarakimu sita ni uongo, ila akakubali kwamba kwanza aliambiwa 10,000, akamwandikia Hideki Kamiya aliyeibuni Bayonetta, wakaongeza 5,000. Ile 4,000 ilikuja miezi kama 11 baadaye, na ilikuwa ya kuja kusema mistari michache tu. Sasa mama, hilo si ungelisema toka siku ya kwanza?

Maana piga hesabu. Mwaka 2016 kiwango cha chini cha chama kilikuwa kama dola 825 kwa kikao cha saa nne, vikao vitano hapo hufikishi hata 4,200. Kwahiyo 15,000 ni zaidi ya mara tatu ya kiwango hicho. Kwa kipimo cha soko la sauti hakuonewa. Soko lenyewe ndo bovu, hapo ndo nilipo mimi. Unalipwa kwa mkupuo, unasaini, unaondoka, gemu ikiuza nakala laki moja au milioni kumi wewe hesabu yako ilishafungwa. Michael Hollick, aliyemwigiza Niko Bellic, mhusika mkuu wa gemu ya GTA IV, alipata kama dola 100,000 kwa kazi ya miezi 15, sauti na miondoko ya mwili, gemu ikatoka 2008 ikaingiza zaidi ya dola milioni 500 wiki ya kwanza tu, na yeye mgao wake wa mauzo sifuri. Kwenye ule mgomo wa 2016 walidai bonasi kila zinapouzwa nakala milioni mbili, makampuni yakakataa, baada ya miezi 11 wakaambulia nyongeza inayohesabiwa kwa idadi ya vikao, kikao cha kwanza dola 75, ukifika vikao kumi dola 2,100. Mauzo hayakuguswa. Wakagoma tena Julai 2024, safari hiyo kisa akili bandia kutumia sauti zao bila ridhaa, mkataba ukapitishwa Julai 2025 na malipo yakapanda asilimia 15.17 papo hapo, sawa, hiyo nawapa, lakini mkupuo uko palepale.

Kilichoniudhi zaidi ni usiri. Hale alibanwa na mkataba wa kutunza siri, akaishia kusema anaunga mkono kila mwigizaji alipwe vizuri, na watu wakamtukana hivyohivyo kwa kosa la kukubali kazi. Kamiya akaandika sentensi mbili tatu za hasira kwamba ni uongo, akablock watu, basi. Kampuni ingetaja kiasi walichotoa siku ileile zogo lingeisha kesho yake.

Gemu naipa nne kati ya tano, nyota moja wameila fremu na zile sura za Jeanne. Nunua ya mkononi ukiipata. Ila kama ndo unaanza kabisa na Bayonetta usianzie hapa, chukua ya pili, ipo Switch toka 2018, stori yake inaeleweka zaidi na inaenda laini.