Miaka mitatu kwenye shirika la wenye dispensere Bukavu: nimelipa tena, lakini si juu ya yale wanayojisifia

Niko muganga, nina dispensere ndogo huku Kadutu, mtaa wa Bukavu, Kongo, vitanda vinne na kachumba ka kuzalishia, na toka 2022 niko memba wa shirika la sisi wenye dispensere na farmasi za binafsi. Kila mwaka wenzangu wananiuliza ile dola hamsini ya kotizasyo (mchango wa kila mwaka) inakuletea nini, basi leo naandika yote mara moja.

Kwanza musichanganye na Ordre. Ordre des Infirmiers, chama cha kisheria cha wauguzi, iliwekwa na sheria ya Julai 2016, ile ni lazima kwa kila infirmie (muuguzi). Shirika ni hiari, unaingia ukitaka. Mimi mwaka wa kwanza nilidhani ni kitu kimoja, ndiyo maana nililipa haraka vile haha.

Kutetea wanamemba, ndiyo wanajivunia sana. Mkutano mkuu, viti vya plastiki, fanta moja moja, halafu ripoti: barua kwa mkubwa huyu, barua kwa mkubwa yule, picha za kupeana mikono. Ukiuliza barua zilijibiwa nini, prezida anasema tuko njiani. Tarehe 12 Mei, siku ya wauguzi, tunavaa kitenge kimoja tunatembea mpaka Nyawera, na kitenge unalipa kando.

Sasa kilichonibakiza. 2024 walikuja watu wa takse, wakanilipisha ya usafi, sawa. Wiki tatu hazijapita wakaja wengine, muhuri mwingine, usafi uleule. Nikaenda kwa biro, ofisi ya shirika, nimekasirika, nikamkuta mama sekretera, mtu wa maneno kidogo sana, nikamwambia tuandike barua. Akanitazama tu, akaniuliza: "Mama, resi (risiti) ziko wapi?" Nilikuwa na nusu, zingine zilishafungiwa karanga! Akanirudisha nyumbani nitafute, akaita na wengine kwa WhatsApp, na siku zilizofuata watu wakaanza kuleta resi kwa mifuko ya sukari, kwa bahasha, moja ililetwa ndani ya Biblia. Akachora meza (jedwali) kwa daftari: tarehe, ofisi gani, kiasi gani, muhuri gani, namba ya resi. Kumbe karibu sisi wote tulilipa kitu kimoja mara mbili, na resi zingine hazina hata namba. Alienda na kopi za ile meza, hakubeba barua. Haikupita mwezi, wale wa pili wakaacha kuja kwa ile takse. Pesa yangu haikurudi, lakini waliacha. Na kwenye ripoti ya mwaka hiyo kazi ilipata mstari mmoja, chini ya picha za mikono.

Kitu kingine ni frigo. Ositosini, ile sindano ya kuzuia mama asivuje damu akishazaa, inatakiwa ikae kati ya digri 2 na 8, na ikipata joto inapoteza nguvu bila kubadilika rangi, hauwezi kujua kwa macho. Mimi nilikuwa naiweka mlangoni pa frigo pamoja na fanta, na umeme wa huku munaujua. Shirika likanunua vipimajoto kwa wingi, bei ikashuka, wakatufundisha kusoma asubuhi na jioni na kuandika. Siku ya kwanza changu kilisoma 14. Nilikaa chini kwanza. Nikafikiria ba mama wote niliowadunga mwaka ule nikisema dawa ni nzima.

Mafunzo ya mpox, ule ugonjwa wa vipele unaoambukiza, yalichelewa. Kamituga iko mkoa wetu, wagonjwa walianza kule, OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, na sisi tuliitwa wakati nilishapokea wawili wenye vipele na glavu nikijinunulia mwenyewe. Hapo naona aibu kwa niaba yao.

Kwa hiyo ukiwa na dispensere na hauna mtu wa kukusimamia, ingia. Ila usipoteze muda na mkutano mkuu, nenda kwa biro siku ya kazi, kaa na mama sekretera, beba makaratasi yako.

Kotizasyo ya 2025 nimetuma kwa M-Pesa, juu benki za huku zilikuwa zimefunga toka mwezi wa pili mwaka ule. Miezi miwili imepita. Resi yao bado naingoja.