Betri za maji au lithiamu kwa sola ya sehemu zenye baridi kali?

Kama unapanga sola ya nyumba isiyo na umeme wa gridi na huko theluji inaanguka, betri ndo kazi yenyewe. Paneli hazina shida, tena zinapenda baridi mpaka volteji inapanda kuliko ilivyo kwenye lebo, hakikisha tu chaja kontrola yako, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, inaihimili.

Betri za maji, zile za risasi na asidi, unazichaji hata chini ya nyuzi 0. Ila kwenye -20 hivi zinabaki na kama nusu ya uwezo wake, na hutakiwi kuzishusha chini ya 50%, sasa hapo umebaki na nini jamani? Halafu iliyoisha chaji maji yake yanaganda kwenye -10 hivi na kupasua boksi, wakati iliyojaa inavumilia baridi mbaya zaidi ya hiyo kwa mbali.

Lithiamu ya fosfeti ya chuma unatumia 80% bila wasiwasi na inadumu zaidi. Lakini kuichaji chini ya 0 ni kuiua, lithiamu inajipaka kama metali ndani ya seli na haitoki tena. BMS nzuri, yaani saketi ya kulinda betri, inakata chaji, ila ndo hivyo jua linawaka nje na wewe huingizi kitu.

Mimi nachukua lithiamu, ikae ndani mnapolala watu au kwenye boksi linalozuia baridi lenye hita ndogo. Kibanda kinachoachwa tupu msimu mzima bila moto, hapo weka za maji, uziache zimejaa.